Njia ya Jabez Kwenda kwa Keziah

Mwaka ule sisi watu wa Hobley tulikuwa tunamsubiri mzee Jabez Gollop afe, na ninalisema hilo waziwazi kwa sababu yeye mwenyewe alilijua, na kila asubuhi alikuwa akituuliza kama tumechoka kusubiri. Wala hatukumchukia, jamani! Mtu angemsema vibaya Jabez mbele yangu angenitambua. Tulimpenda, tulimpikia, tulimfulia, ila tulikuwa na shida na maiti. Ngoja nieleze, maana mkiishia hapa mtatuona wachawi.

Hobley ni kitongoji cha nyumba kumi na moja na si zaidi. Kanisa hatuna, makaburi hatuna. Kanisa letu liko Marlcombe, ng'ambo ya malisho, na huko ndiko tunakobatizwa, tunakofungia ndoa na tunakozikwa tangu parokia ianze kuandika vitabu vyake. Ukikata kwa kijia cha shamba la Stickland ni mwendo wa nusu saa. Ukifuata barabara unakizunguka kilima chote, maili nne na ushee, na basi linapita Alhamisi tu.

Jabez alizaliwa katika nyumba ya tatu mwaka 1901, mimi nikaja kuzaliwa katika nyumba ya nne miaka ishirini na tisa baadaye, kwa hiyo sijui dunia isiyokuwa na Jabez dirishani. Kazi yake ilikuwa kusuka nyua za miti. Anaukata mti shina nusu, anaulaza, anauachia ngozi kidogo tu ya kunywea maji, na mwaka unaofuata mti uleule umechipua ukiwa umelala, umekuwa ukuta ambao hata mwanakondoo hapenyi. Nyua zote mnazoziona kati ya hapa na mtoni ni mikono yake. Jioni alikuwa na mizinga yake sita ya nyuki nyuma ya nyumba, na kabla ya nyuki alikuwa na Keziah.

Keziah, mkewe, alifariki vuli ya mwaka 1962. Tangu hapo kila Jumapili Jabez alivaa tai yake, akachukua maua, au matawi yenye matunda mekundu wakati wa baridi, akashika kijia kwenda Marlcombe. Alikuwa anakaa ubavuni mwa kaburi anamsimulia mkewe habari za wiki nzima. Nani kagombana na nani, ng'ombe wa nani kazaa, mimi nimeunguza mkate mara ngapi.

"Si umwambie Mungu tu, mzee, atamfikishia?" nilimtania siku moja.

"Mungu hapendi umbea," akanijibu. "Keziah anaupenda."

Basi Stickland akafa, akiwa hospitalini mjini, na watoto wake wakamuuzia shamba bwana mmoja kutoka London, Crispin Vallance. Mtu mrefu, mpole, mwenye farasi wa thamani na mke ambaye hatukumwona hata siku moja. Mwaka mzima na nusu hakukuwa na neno. Halafu Novemba ya mwaka 1990, Jumatatu moja, tukaona kufuli kwenye lango la kijia na kibao kimeandikwa HAKUNA NJIA.

Jumapili iliyofuata nilimwona Jabez kwa dirisha langu. Amefika langoni na tai yake na maua yake. Alisimama pale kitambo, akalishika lile kufuli, akaliachia. Akarudi nyumbani. Nilipomfuata nilimkuta amekaa jikoni na kofia bado kichwani, maua mapajani.

"Mavis," akasema, "nimefungiwa."

Mimi damu ilinipanda, nikatoka na aproni yangu hivyohivyo hadi kwa Vallance, nikagonga mlango kwa ngumi.

"Bi Hann," akasema, "tafadhali usinielewe vibaya. Sina ubaya na mzee. Farasi wangu wawili wana mimba, mmoja ameshtuka juzi akajichana. Na ile njia haimo kwenye ramani ya serikali. Nimeangalia."

"Haimo? Njia aliyobebewa bibi yangu kwenda kuzikwa?"

"Haimo, Bi Hann. Niko tayari kumpeleka mzee kwa gari langu kila Jumapili."

"Atakutapikia!" nikamwambia, na si matusi, ni ukweli. Jabez akipanda chombo chochote chenye injini hamalizi kona mbili. Tulijaribu siku ya mazishi ya Keziah mwenyewe, ikabidi ashushwe njiani, akamzika mkewe amechelewa na viatu vichafu. Kwa miguu kupitia barabarani, maili nne kwenda na nne kurudi, na umri wa karibu miaka tisini? Thubutu!

Kuhusu ramani, uso ulinishuka. Mwaka 1953 ofisi ya wilaya ilitaka kila parokia iorodheshe njia zake za miguu. Karani wa Marlcombe akaorodhesha hata vijia vya sungura. Hiki cha Hobley akakiacha, kwa sababu, alisema, kila mtu anakijua, kuna haja gani ya kukiandika? Na huyo karani mwerevu alikuwa nani? Baba yangu mzazi. Mungu amrehemu, lakini siku hiyo ningekuwa naye ningemzaba kibao.

Tukakutana kwenye karakana ya Desmond Puddy, seremala wetu, anayetengeneza madirisha, viti na majeneza. Nilisimama mimi nikawapa sheria kama nilivyopewa na bibi yangu, naye alipewa na bibi yake: mahali alipopitishwa maiti ni njia ya watu wote, na hakuna bwana shamba wa kuifunga tena. Hakuna mtu wa Hobley asiyeijua sheria hiyo. Tumelelewa nayo.

"Sawa, lakini maiti wa lini?" akauliza Desmond. "Tangu gari la maiti lianze kuja huku, wote wanapita barabarani. Wa kijiani ni wa zamani hao. Vallance atasema imekwisha muda. Tunataka mpya."

Hobley hakuwa amekufa mtu kwa miaka tisa. Ni hewa yetu, wengine wanasema ni ukaidi. Jicho moja likageuka, la pili likafuata, mwisho karakana nzima ilikuwa inamwangalia Jabez, ambaye alikuwa anakula keki yangu pembeni hana hili wala lile.

"Mbona mnaniangalia?"

"Hakuna kitu, mzee."

"Nina miaka themanini na tisa, lakini macho ninayo. Mnataka nife."

"Aa, mzee!" nikasema. "Si kwa haraka hivyo."

"Haya. Nikimaliza keki."

Tulicheka hadi mbavu zikatuuma, na Desmond, ambaye hajui utani unaishia wapi, akatoa futi yake ya kupimia. Jabez akasimama wima apimwe. "Mabega usinibane," akamwambia, "nitakaa humo muda mrefu."

Februari akashikwa na kikohozi. Loo, mngeiona Hobley! Supu saba kwa siku. Blanketi juu ya blanketi. Na wakati huohuo kila mtu akipita kwa Desmond anasikia randa, swaa, swaa, juu ya mbao za mwaloni. Mimi mwenyewe nilikuwa namnywesha dawa kwa mkono mmoja na nafsi inanisuta, kwa sababu sikujua naomba nini. Siku ya tano aliketi kitandani akataka nyama ya nguruwe ya kukaanga na mayai mawili.

"Mzee umetuangusha," akasema Desmond mlangoni.

"Nisamehe, Desmond. Nilijaribu."

Desmond alipoondoka nikammiminia chai. Alikishika kikombe bila kunywa.

"Mavis, kufa siogopi," akasema. "Mkinibeba kupita pale, vizuri, njia itafunguka na watoto wenu watafaidi. Lakini mimi nikifika kwake nimenyamaza itanifaa nini? Nina habari za miezi mitatu humu ndani. Nataka nipite na ulimi wangu."

Nililia, sifichi. Nikamwambia, "Babu, basi hufi. Nitawatafuta maiti wengine." Na nikapiga moyo konde.

Kasisi wa Marlcombe alinipa ufunguo wa kabati la vitabu vya parokia, nami nikakaa mle wiki sita na miwani miwili. Nilisoma daftari zote za mazishi kuanzia 1640. Nilimkuta babu wa babu yangu, na nikagundua kwamba watu wa Hobley hatujabadilika hata kidogo. Kuna kasisi mmoja wa mwaka 1768, ana hasira hadi wino umeruka, ameandika kwamba wabebaji wa Hobley waliliweka jeneza juu ya jiwe la kijitoni wapumzike, wakanywa pombe yao ya matufaha mpaka mvua ikaja, wakakimbilia kanisani wote sita, wakaketi, na ndipo yeye akawauliza marehemu yuko wapi. Nilicheka peke yangu mle kanisani nikasikika nje. Nikaandika kila jina. Maiti mia mbili na kumi na wawili, wote wamebebwa kijiani! Nikazipeleka karatasi ofisi ya wilaya, pamoja na fomu zao za kujaza, ambazo tulizijaza kwa lazima tukiona ni upuuzi, na Jabez hatukumsumbua nazo, na Vallance akapeleka pingamizi lake. Tukaambiwa mkaguzi atakuja Juni kusikiliza pande zote.

Siku yenyewe ukumbi wa Marlcombe ulijaa. Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi, Bi Pargeter, ana kalamu tatu na haonyeshi jino. Vallance alikuja na wakili kijana, suti inang'aa. Jabez alikaa mstari wa mbele na tai yake. Alikwenda vipi? Tulimweka juu ya mkokoteni wa nyasi wa Desmond, unaovutwa na punda, kwa sababu punda hamtapishi. Mwendo wa saa mbili na nusu kwa barabara.

Nikasimama na daftari yangu. Nilisoma majina mia mbili na kumi na mawili, sikuruka hata moja, na la bibi yangu nikalisoma mara mbili. Nikamaliza na sheria: alipopita maiti hapafungwi. Hobley nzima ikapiga makofi.

Bi Pargeter akaweka kalamu chini. "Bi Hann, kazi hii ni nzuri sana na ningependa nakala. Lakini ni lazima nikwambie. Sheria hiyo haipo."

"Haipo wapi?"

"Haipo popote. Haijawahi kuwepo. Kubeba maiti hakufungui njia."

Majina yote yale, wiki sita, bibi yangu na bibi yake! Nikamtazama Jabez, naye akanitikisia kichwa taratibu, kunipoza, na hilo ndilo lililonimaliza. Nikakaa. Nilijua nimempotezea Jumapili zake mimi, binti wa karani.

"Sheria inauliza kitu kingine," Bi Pargeter akaendelea. "Inauliza walio hai. Je, watu wamepita pale miaka ishirini mfululizo hadi siku lango lilipofungwa, mchana kweupe, bila kuzuiwa na bila kuomba ruhusa? Nimesoma fomu zenu. Wengi wenu mnapita mara mojamoja, harusi, Krismasi. Yupo aliyepita mfululizo?"

Sisi sote, wapumbavu sisi, tulikuwa tumehangaika miezi minane kutafuta maiti. Jabez akasimama, akaweka kofia yake juu ya kiti.

"Mimi hupita Jumapili," akasema.

"Tangu lini, Bwana Gollop?"

"Tangu Oktoba, 1962."

"Kuna Jumapili ulizokosa?"

"Tatu. Mbili za ile theluji ya sitini na tatu, ilifika kiunoni. Moja jino liliuma. Ya jino nilikwenda Jumatatu."

Kalamu ya Bi Pargeter ilikuwa inakimbia. Wakili akainuka, akafunga kifungo cha koti.

"Bwana Gollop, ni kweli kwamba kila Krismasi ulikuwa ukimpelekea marehemu Stickland chupa ya asali?"

"Mbili," akasema Jabez.

Mzee nyamaza, nikasema kimoyomoyo, nyamaza jamani! Wakili akatabasamu.

"Chupa mbili. Kwa hiyo ulikuwa ukimlipa ili akuruhusu upite. Huko ni kuomba ruhusa."

Jabez akamtazama kwa upole, kama anavyotazama uzio uliosukwa na mwanafunzi. "Mwanangu, umewahi kufuga nyuki?"

"Hapana."

"Nyuki wangu walikula maua ya malisho ya Stickland majira yote ya joto. Aliyewalisha lazima aonje. Hao ndio waliokula kwake. Mimi nilikuwa napita tu."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko, hata kasisi. Bi Pargeter akangoja tutulie. "Nijibu hili, Bwana Gollop. Stickland, au mtu mwingine yeyote, aliwahi kukupa ruhusa ya kupita?"

"Ruhusa ya nini?" Jabez akauliza, na kweli hakuelewa. "Ya kwenda kwa mke wangu?"

Hapo hakucheka mtu.

Wakili hakukubali. Alisema Stickland amekufa na hawezi kuulizwa, na kwamba kikao kina neno la mzee mmoja tu na majirani wanaompenda. Alikuwa bado anasema wakati kiti kilipokwaruza nyuma yake. Vallance amesimama. Wakili akamvuta koti, Vallance akautoa mkono wake.

"Mimi ninaweza kuulizwa," akasema. "Nilipohamia, Jumapili ya kwanza kabisa, nilimwona. Ana tai, ana maua. Akasema habari za asubuhi, akapita, wala hakuniomba kitu. Nikavua kofia. Nilimwona kila Jumapili, mwaka mzima na nusu. Lango nilifunga Jumatatu kwa sababu Jumapili nisingeweza kumtazama usoni." Akamgeukia mkaguzi. "Niliwaogopea farasi, na bado ninawaogopea. Lakini mzee hasemi uongo." Akakaa. Wakili wake akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa.

Bi Pargeter akatazama saa, akasema ana treni ya saa kumi na moja jioni, lakini sheria inamtaka aione njia kwa macho yake, pande zote mbili zikiwepo, na afadhali aanzie upande wa Hobley. Desmond akampa lifti kwa gari lake, Vallance akawachukua wengine, Jabez akarudi na mkokoteni wa punda, sisi tukamsubiri hadi saa tisa. Vallance akafungua kufuli mwenyewe. Alihangaika nalo, lilikuwa limeota kutu.

Tukapita wote, Jabez mbele. Nilidhani miezi minane imemdhoofisha, lakini wapi! Tulikuwa tunamkimbilia. Alikuwa anamwonyesha Bi Pargeter nyua zake moja baada ya nyingine na kumweleza alizisuka mwaka gani, naye anaandika huku anakanyaga matope. Farasi wa Vallance waliinua vichwa, wakatuangalia, wakaendelea kula. Tukatokea kwenye ukuta wa makaburi ya Marlcombe, na Bi Pargeter akasema kwamba kwa upande wake ameona, kazi imekwisha.

Jabez hakumsikia. Alikuwa amekwisha kuingia. Tulimwona anang'oa magugu, anafuta jiwe kwa mkono wa koti, anaketi.

"Keziah," akasema, "nimechelewa kidogo."

Halafu akaanza, na akaanzia Novemba. Hakuruka wiki. Alimweleza lango, kikohozi, supu saba, futi ya Desmond, ufunguo wa kasisi, mimi na miwani yangu miwili. Sisi tumesimama ukutani, kila mtu akisikia jina lake anajikohoza. Wanawake tulikuwa tunalia na kucheka kwa mpigo mmoja. Bi Pargeter aliitazama saa yake mara moja, akaivutia mkono wa koti juu yake, na treni ya saa kumi na moja ikaondoka bila yeye. Jabez alikuwa ndiyo kwanza amefika Machi.

Barua ilikuja Septemba. Nilimsomea Jabez jikoni kwake, kwa sababu maandishi ya serikali ni madogo kusudi. Ilisema kijia cha Hobley kwenda Marlcombe kitaingizwa kwenye ramani, na kuanzia sasa ni njia ya watu wote.

"Soma tena hapo," akasema.

"Njia ya watu wote."

"Hata yule Vallance?"

"Hata yeye, mzee. Watu wote ni watu wote."

Akafikiri. "Hana mtu pale nyumbani, unajua. Mkewe hakuja. Jumapili anakaa tu na wale farasi. Kamwambie saa nne ninapita langoni kwake."

Nilikwenda, kwa shingo upande lakini nilikwenda. Na Jumapili ile Vallance alikuwa langoni kabla ya saa nne, amevaa tai, ameshika maua mengi kupita kiasi na hajui ayaweke mkono gani. Wakaenda pamoja. Mimi nilikuwa nyuma yao kidogo, kwa hiyo nilisikia kwa masikio yangu walipofika.

"Keziah," akasema Jabez, "nimekuletea jirani yetu mpya. Sogea hapa, Crispin, asikuone umesimama mbali."